Mwaka Nilipobeba Bomba la Masunga

Vijana wangu wa ugani mliobaki Bariadi na Itilima, mliniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Sawa. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za baiskeli, ubao wa vijiti, mzee aliyenifundisha kazi, na msimu mmoja wa pamba ambao hadi leo nikiukumbuka natafuta mahali pa kukaa.

Nilipangiwa kijiji cha Zagayu kikiwa bado wilaya ya Bariadi, na Bariadi yenyewe ikiwa chini ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Nilifika na begi moja, cheti cha chuo, na viatu vya kisigino kifupi vilivyodumu siku tatu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameambiwa anapata mtaalamu wa kilimo, na alipojua kwamba mtaalamu ni mwanamke, akaona mambo ya pamba hayatanihusu. Asubuhi nikakuta akina mama wamekaa na masufuria wakisubiri niwafundishe uji wa lishe. Nikawaambia nimekuja kwa ajili ya pamba. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa Kisukuma kwamba msichana huyu hata palizi ya mstari mmoja itamshinda. Mimi ni mzaliwa wa Maswa, kwa hiyo nikamjibu kwa Kisukuma hichohicho. Uji tukaupika vilevile, kwa sababu masufuria yalikuwa yameshakuja.

Aliyenipokea kazini alikuwa Bwana Shija, bwana shamba wa siku nyingi aliyebakiza misimu michache astaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mara nyingi yalikuwa ya kunikatisha. Siku ya kwanza alinipeleka shambani kwa mkulima mmoja, nikasimama pembeni nikasifu jinsi palivyopaliliwa. Akaniambia, "Pembeni wanapalilia kwa ajili yako. Nenda katikati." Nikaenda. Katikati magugu yalinifika kiunoni. Tangu siku hiyo sijasifu shamba nikiwa pembeni, na nimeharibu sketi nyingi.

Alinichongea pia ubao wa vijiti kutoka kwenye kipande cha mlango wa zamani. Nyinyi mnahesabu wadudu kwa simu siku hizi, kwa hiyo nieleze. Ubao una safu mbili za matundu na vijiti viwili. Unakatisha shamba kutoka pembe hadi pembe, na kila mmea unaoukagua unasogeza kijiti cha kwanza tundu moja. Ukikuta funza wa vitumba, yule anayetoboa tumba la pamba na kula ndani kama mwenye nyumba, unasogeza kijiti cha pili. Kijiti cha funza kikifika kwenye alama nyekundu kabla hujamaliza mimea, unapiga dawa. Kisipofika, unarudi nyumbani na dawa yako. Hata asiyejua kusoma anautumia. Bwana Shija alisema kazi yetu yote imo kwenye ubao ule: usifungue mdomo kabla kijiti hakijasogea. Nilimsikiliza miaka mingi, isipokuwa siku moja.

Kisha soko la pamba likafunguliwa kwa makampuni binafsi. Zamani mbegu, dawa na ununuzi vilipita kwenye chama cha msingi, na mbegu ya eneo moja haikuruhusiwa kuvuka kwenda jingine. Baada ya hapo yakaja magari ya rangi zote, kila moja na mizani yake na maneno yake matamu. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Mkulima alipata kuchagua wa kumuuzia, jambo ambalo baba yake hakulijua. Lakini mbegu zikaanza kutoka kinu chochote cha kuchambua pamba zikiwa zimechanganywa, na dawa zikauzwa gulioni kwenye chupa za soda, rangi ya maziwa, bila hata neno moja la maelezo. Sisi wa ugani tulibaki na baiskeli zetu tukiyafukuzia magari hayo kwenye vumbi.

Sasa nifike kwa Masunga. Alikuwa mkulima wa Zagayu, mwenye plau na ng'ombe wawili wa kulimia ambao aliwasemesha kuliko alivyomsemesha mkewe, Mama Limi. Mwenyewe alikuwa akisema hivyo, na Mama Limi alikuwa akikubali. Alikuwa pia kiongozi wa kikundi cha kulimiana, watu kumi na wawili, wanaolima kwa mwenzao leo na kwa mwingine kesho, ngoma ikiwa mbele. Kikundi kile kilikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwingine. Kulima ni kwa zamu, kupalilia kwa zamu, kuvuna kwa zamu, lakini dawa kila mtu anapiga kwake. Miaka ya nyuma mwanachama mmoja alipiga dawa shambani kwa mwenzake, akalala jioni ile na hakuamka. Familia mbili ziligombana hadi zikahama. Tangu hapo wakasema sumu haiendi zamu.

Masunga alipiga dawa kama wote walivyopiga: kifua wazi, anakoroga kwa mkono, bomba mgongoni. Bomba lake lilikuwa linavuja kwenye mshono wa chini. Nilimwambia mara tatu alitengeneze, akafunga kitambaa. Msimu mmoja, katikati ya mstari, macho yakaingia kiza, mate yakamtoka, akaanguka. Walimbeba kwa mkokoteni hadi zahanati. Alipona, ila mikono ikabaki inatetemeka, na tabibu akamwambia mbele yangu, "Ukiipiga tena dawa hii, safari ijayo usiletwe kwangu. Wakupeleke moja kwa moja kanisani."

Mama Limi alikuwa ananyonyesha, watoto wengine walikuwa wadogo, na sheria ya kikundi mnaijua. Pamba isiyopigwa dawa kwetu ni chakula cha funza. Na bila pamba, nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa wale ng'ombe wawili, ambao ndio waliokuwa miguu yake.

Mwaka huohuo niliitwa semina mjini. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza habari za pamba iliyobadilishwa vinasaba. Mwezeshaji alitueleza kwamba kuna bakteria wa kwenye udongo mwenye sumu inayoua aina fulani za funza, na wataalamu wamechukua kinasaba chake wakakiingiza kwenye pamba, hivi kwamba funza akitafuna jani au tumba anakufa mwenyewe. Katika nchi fulani wakulima walikuwa wameshaanza kuilima na kupunguza kupiga dawa. Wengine waliandika. Mimi niliweka kalamu chini, maana nilikuwa namwona Masunga kwenye mkokoteni.

Niliporudi sikupitia hata nyumbani. Nilimkuta uani, mikono chini ya mapaja isionekane inavyotetemeka.

"Baba Limi," nikamwambia, "duniani kuna pamba inayojipigia dawa yenyewe."

Alinitazama. "Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "ipo kweli ama unanipoza?"

"Ipo. Ila kwetu haijaruhusiwa."

"Ila ipo."

"Ipo."

Nilijiona nimefanya jambo jema. Yeye alishika ile "ipo", na hiyo "haijaruhusiwa" akaiacha palepale uani.

Kabla ya mvua za kupandia akaja kijana na gari la kampuni fulani ya kununua pamba, ambayo haikurudi tena msimu uliofuata. Alikuwa na mifuko isiyo na maandishi. Mbegu yetu ilikuwa na manyoya, tunaifikicha kwa majivu na udongo ili isigandane. Yake ilikuwa laini, imepakwa rangi ya samawati, inateleza mkononi. Akawaambia hiyo ndiyo ile mbegu ya kitaalamu, funza haigusi. Walioiona waliamini kwa macho. Mzee mmoja alinieleza kwa uhakika kabisa: funza hupanda kwa kushika manyoya, na hii haina manyoya, atashika wapi?

Masunga hakuwa mjinga. Aliniletea kiganja cha mbegu zile, akanimwagia mezani.

"Ndiyo yenyewe?"

Hapa vijana wangu mnisome polepole. Sikuwa najua. Mbegu ya vinasaba haitambuliki kwa macho, na rangi ni dawa tu ya kuzuia ukungu. Jibu sahihi lilikuwa "sijui, panda kidogo tuhesabu." Lakini nilitazama ile mikono, nikataka iwe ndiyo. Nikasema, "Inawezekana."

"Wabeja, mayu," akanishukuru, akazikusanya moja moja.

Alipanda shamba lote. Bomba alilitundika kwenye boriti, kitambaa kikiwa bado kimefungwa.

Pamba ile iliota vizuri kupita zote. Kikundi kilikuja kupalilia na ngoma yao, wakaimba wimbo wa kumsifu Masunga aliyepata dawa ya funza, na jina langu likaingizwa ubeti wa pili. Nilicheka nao. Maua yakatoka, vitumba vikaanza. Siku moja Mama Limi akaja ofisini, mtoto mgongoni, akanisalimu mwangaluka, akaketi. Kisha akafungua upande wa khanga akatoa tumba lenye tundu.

Niliingia shambani katikati, si pembeni, na ubao wa Bwana Shija. Sikufika nusu. Kijiti cha funza kilipita alama nyekundu, kikaendelea hadi matundu yakaisha. Funza walikuwa wanene, wenye afya, hakuna hata mmoja aliyeonekana kujutia chakula. Ilikuwa pamba ya kawaida iliyonyolewa manyoya.

Masunga alikuwa amesimama mwisho wa mstari akinisubiri. Nilimwambia, "Baba Limi, mbegu hii si ile. Na aliyekupoteza si yule kijana peke yake. Nilisema inawezekana wakati sijui."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Basi lishushe bomba. Nitapiga."

"Tabibu alisema nini?"

"Tabibu hali pamba. Na mimi siili, ila watoto wangu wanaila."

Mama Limi akasema atapiga yeye. Mumewe akasema mwenye mtoto kifuani hagusi kitu kile. Wakaanza kubishana, kila mmoja akigombea sumu kwa ajili ya mwenzake, na mimi niliyeileta nimesimama katikati na kipande cha mlango mkononi. Nililia, sikuona sababu ya kuficha. Halafu nikaingia ndani nikalishusha bomba mwenyewe.

Sikupiga dawa siku ile. Kwanza nilikwenda zahanati nikaomba glavu kwa mkunga, nikatafuta koti la mvua, viatu vya mpira, na dawa iliyo kwenye chupa yake yenye maandishi. Ule mshono nilijaribu kuuziba kwa raba ya tairi la baiskeli, ukapunguza kuvuja lakini haukukoma. Alfajiri iliyofuata, kabla upepo haujaamka, nikaanza. Watoto waliokuwa wanaenda shule walisimama kunishangaa: bibi shamba amevaa mvua na mawingu hayapo. Bomba lile likijaa ni zito kuliko mnavyodhani. Kufikia mstari wa kumi nilikuwa nimeelewa kwa nini watu wanavua mashati, na kwa nini mafunzo yangu yote ya "vaeni vifaa" hayakuwa yakifika popote. Ndani ya koti nilikuwa naiva.

Nilipiga mara tatu msimu ule, kila baada ya wiki mbili. Upande wa chini ulikuwa umekwisha. Upande wa juu uliokoka, pamba safi ya daraja la kwanza, na ng'ombe wale wawili hawakuuzwa. Sijawahi kufurahia nusu shamba kama lile.

Kikundi kikaniita. Walikaa wote kumi na wawili, wakaniambia nimevunja sheria, nimebeba sumu ya mtu mwingine. Nikasema mimi si mwanachama. Wakatazamana, wakaniandikisha uanachama palepale, kisha wakanitoza faini: debe la michembe, yale makavu ya viazi vitamu, na karanga za kutosha. Nililipa, tukazila pamoja hadi zikaisha. Baada ya kula, Masunga akasimama akasema sheria ile ilitungwa kwa uchungu na anaiheshimu, ila imemfikisha pabaya. Wakaibadilisha. Kuanzia mwaka ule, mwanachama mgonjwa anapigiwa dawa na mzima, kwa sharti la koti, glavu na bomba lisilovuja. Koti lilikuwa langu, na sikulipata tena.

Miaka mingi imepita. Habari za mbegu za vinasaba zimekuja zikaondoka na kurudi tena, na kila mara nimeulizwa niko upande gani. Mwezi wa mwisho kabla sijastaafu, wageni walikuja Bariadi kukusanya maoni ya wakulima. Wawili walikuwa wanaipenda mbegu ile, mmoja anaipinga, na wote watatu walikuwa wanajua walichokuwa wanasema. Nami nilipewa nafasi. Nilisema mbegu inayopunguza dawa ingepunguza wagonjwa kwenye mikokoteni, na hilo kwangu si jambo dogo. Nikasema pia kwamba inaua baadhi ya funza tu, kangambili na wadudu mafuta haiwahusu, hivyo bomba halitaondoka kabisa. Kwamba tukiipanda wote bila kuacha mistari ya pamba ya kawaida, funza watazoea, na tutarudi tulikotoka tukiwa na mbegu tusiyoimiliki. Na kwamba hapa kwetu pamba ya kijiji kizima inaingia kinu kimoja na mbegu inatoka imechanganyika, kwa hiyo asiyeitaka ataipata bila kuulizwa.

Mfugaji mmoja wa Bukundi aliuliza kuhusu ng'ombe. Baada ya mavuno huwa tunawaingiza kwenye mabua ya pamba, na kiangazi wanakula mashudu. Jani linaloua funza litamwacha ng'ombe? Mgeni akaeleza kwamba sumu ile inafanya kazi kwenye tumbo la funza, na tumbo la ng'ombe ni tofauti, limepimwa. Mfugaji akasema amesikia. Hakusema ameamini, na sikumlaumu, kwa kuwa yule aliyempa Masunga mbegu naye alisema ni ya kitaalamu.

Kisha akasimama Masunga, mzee sasa, mikono ileile.

"Mimi mbegu hiyo naitaka," akasema. "Niliitaka zamani kuliko nyinyi. Swali langu ni moja. Ikishindwa, nani atabeba bomba?"

Mgeni mmoja akaanza kueleza mfumo wa ufuatiliaji, na kamati, na ngazi zake.

"Nimeuliza jina," akasema Masunga. "Mwaka ule iliposhindwa alibeba huyu mama. Sasa anaondoka. Nipeni jina."

Mliokuwapo mnakumbuka. Aliyesimama mwishowe alikuwa Elia, mrithi wangu, kijana wa Mbeya aliyekuwa na miezi miwili kazini na salamu moja tu ya Kisukuma.

"Elia," akasema.

"Elia, umewahi kubeba?"

"Hapana, mzee."

"Njoo kwangu Jumatatu."

Jumatatu nilikwenda pia, nikijifanya napita. Nilimkuta Masunga ameketi kwenye kigoda, na Elia yuko kati ya mistari ya pamba na lile bomba la zamani mgongoni, limejazwa maji matupu. Shati lake lilikuwa jeupe, la ofisini. Masunga alikuwa anamwelekeza: upepo uache uende mbele yako, usiukabili, usisimame, geuka. Elia alimaliza mistari sita akarudi anahema, akalishusha bomba, akasema kwa furaha kwamba si gumu sana.

Masunga akanyanyuka. Akamgeuza kijana taratibu, akaweka kiganja chake kinachotetemeka kwenye mgongo wa lile shati, palipoloweshwa na ule mshono wa chini hadi kwenye mkanda.

"Hayo ni maji," akamwambia. "Mimi hayakuwa maji. Sasa nenda ukawaandikie wale wageni."